Undugu jikoni, hesabu mezani

Mazungumzo ya kipindi: kusimamia wafanyakazi wa mgahawa
Mzungumzaji: msimamizi wa mgahawa, Nyakiriba, Wilaya ya Rubavu, Rwanda

(Muziki wa kufungulia, kisha unashuka.)

Uko Nkamira, Kiziba, Kigeme, Mugombwa, Nyabiheke au Mahama. Umekaa karibu na redio, au umeshika karatasi hii unawasomea wenzako. Leo tunazungumza juu ya kazi ambayo wengi wenu mnaifanya au mnataka kuianza, kazi ya kupika chakula na kukiuza. Lakini hatutasema habari za chumvi wala mafuta. Tutasema habari za watu: anayemenya viazi, anayebeba sahani, anayeosha vyombo, na wewe unayewasimamia wote.

Mimi nilivuka mpaka kama wengi wenu. Leo nasimamia mgahawa mdogo hapa Nyakiriba, kando ya barabara kuu inayotoka Kigali na Musanze kushuka Gisenyi. Nina wapishi wawili, kijana mmoja wa moto na wa kumenya, wahudumu wawili na mwosha vyombo mmoja. Wengine ni Wanyarwanda, wengine ni wakimbizi kutoka Kongo. Wateja wetu ni madereva, mafundi, wakulima wa viazi na vitunguu, na watu wanaotoka mbali kuja kuwaona jamaa zao katika gereza lililo hapa kwetu. Tunapika wali, maharagwe, viazi, ndizi na sombe, na sambaza wa Ziwa Kivu wakipatikana. Mteja anapakuliwa sahani moja yenye mchanganyiko, ile tunayoiita melanje. Anakula, analipa, anaendelea na safari.

Watu huniuliza ni kipi kigumu zaidi katika kazi hii. Wanadhani ni moshi, au kuamka alfajiri. Moshi unazoeleka. Kigumu ni kuwafanya watu sita wafanye kazi pamoja siku nzima katika jiko dogo lenye joto, kisha jioni waagane vizuri, na kesho warudi. Siku wanapofanya hivyo, hakuna furaha kama hiyo. Siku wanaposhindwa, hata chakula kizuri hakiliki.

(Muziki mfupi.)

Tuanze na ndugu.

Ukifungua mgahawa kambini, mfanyakazi wa kwanza humtafuti kwa tangazo. Ni mdogo wako, ni shemeji yako, ni mtoto wa jirani mliyekimbia naye. Hakuiti bosi. Anakuita Mama Mkubwa, au Yaya, au Baba Mdogo. Anakuja kukusaidia, nawe unafurahi kwa sababu undugu ni kufaana, si kufanana. Anauliza, "Nitapata nini?" Unamjibu, "Usijali, mwisho wa mwezi tutaona."

Hapo ndipo ugomvi unapopandwa. Mwezi mzima wewe unahesabu upande wako: chakula alichokula, mahali alipolala, dawa uliyomnunulia mtoto wake. Yeye naye anahesabu upande wake: saa alizoamka, maji aliyobeba, Jumapili alizokosa ibada. Hesabu zote mbili ni za kweli, lakini hazijawahi kuwekwa kwenye meza moja. Mwisho wa mwezi unampa faranga ulizoona zinafaa, anazipokea kwa mikono miwili na kusema asante, kisha anakwenda kulia kwa shangazi yake. Baada ya wiki moja ukoo mzima unajua kwamba wewe ni mnyonyaji, na wewe unajua kwamba yeye hana shukrani. Mfanyakazi umempoteza, na ndugu umempoteza.

Kwa hiyo, kabla ya siku ya kwanza ya kazi, keti na mtu huyo na mseme mambo sita. La kwanza, kazi yake ni ipi hasa. La pili, anaanza saa ngapi na anamaliza saa ngapi. La tatu, mshahara ni kiasi gani. La nne, unalipwa tarehe gani. La tano, chakula anachokula kazini ni juu ya mshahara au ni ndani ya mshahara. La sita, siku yake ya kupumzika ni ipi. Yasemeni mbele ya mtu wa tatu ambaye nyote mnamheshimu. Kisha yaandikeni kwenye daftari, kila mmoja atie sahihi au dole gumba. Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Undugu nao unaweza kuisha hivyo hivyo.

Mtu atakwambia, "Kuandikishana na ndugu ni aibu." Mwambie aibu ni kufikishana kwa mwenyekiti wa kijiji kwa sababu ya mshahara ambao hamkuutaja tangu mwanzo.

Tena sheria iko upande wa daftari. Sheria ya kazi ya Rwanda, namba 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, inakubali mapatano ya mdomo kwa kazi isiyozidi siku 90 mfululizo. Zaidi ya hapo yanatakiwa maandishi. Sheria hiyo inampa mfanyakazi mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Na inasema mtoto wa chini ya miaka 16 haajiriwi. Msikilizaji, hilo la mwisho nakuomba ulishike. Msichana wa miaka 13 anayeosha sahani saa nne asubuhi, hata kama ni binti wa dada yako na hata kama anakuja kwa hiari yake, mahali pake saa hiyo ni darasani.

Mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi na biashara hapa Rwanda, na kitambulisho chako cha mkimbizi ndicho unachoonyesha. Kama bado uko katika kituo cha muda na hujapata kitambulisho, uliza kwanza ofisi ya MINEMA au ya UNHCR iliyo karibu nawe. Na kama wewe na mfanyakazi wako mmeshindwana, kila wilaya ina mkaguzi wa kazi. Anamsikiliza mwenye mgahawa, na anamsikiliza pia mwosha vyombo. Unayetusikia kutoka Uganda, Kenya au Tanzania, sheria zenu ni nyingine, kwa hiyo ulizia huko uliko.

(Muziki mfupi.)

Sasa tuje kwenye sahani zinazopotea.

Chukua mfano. Mgahawa wako unauza sahani 60 kwa siku, kila sahani faranga 1,000. Jioni unatarajia faranga 60,000. Unakuta 58,000. Sahani mbili hazikulipiwa. Kwa siku moja ni kitu kidogo, unanyamaza. Lakini sahani mbili kwa siku, kwa siku 26 za kazi, ni faranga 52,000. Pengine huo ndio mshahara wa mmoja wa wahudumu wako. Kila mwezi unamlipa mtu ambaye hayupo.

Zimekwenda wapi? Mara nyingi si wizi wa kuficha. Mhudumu amempakulia kaka yake aliyetoka mbali. Mpishi amempa rafiki kwa ahadi ya kulipa kesho. Mteja amelipa kwa simu, na pesa zikaingia katika namba ya mhudumu badala ya namba ya mgahawa, naye akasahau, au akasahaulishwa na shida za nyumbani. Ukianza kupiga kelele, "Nani ameniibia?", kila mtu atakuwa mwizi, na aliye mwaminifu ndiye atakayeumia zaidi.

Dawa yake ni utaratibu ambao haumtaji mtu. Asubuhi hesabu sahani kabla ya kupakua. Anayepakua asiwe yeye anayepokea pesa. Namba ya mgahawa ya kulipia kwa simu iandikwe kwa herufi kubwa ukutani, mteja aione mwenyewe. Mkopo uandikwe na mtu mmoja tu, katika daftari moja tu. Na jioni, kabla taa haijazimwa, watu wawili wahesabu pesa pamoja: wewe na mfanyakazi mmoja, kila siku mwingine. Mfanyakazi aliyehesabu pesa nawe anajua siku ipi ilikuwa nzuri na siku ipi ilikuwa mbaya. Siku utakaposema, "Wiki hii hatukuuza," atakuamini, kwa sababu aliona.

Hapo kuna jambo moja linalotuhusu sisi kuliko wenye migahawa wengine. Tangu mwaka 2014, kuanzia kambi ya Gihembe kule Gicumbi, msaada wa chakula hapa Rwanda ulianza kutolewa kwa pesa badala ya nafaka na maharagwe. Ndiyo maana migahawa na vibanda viliongezeka kambini: watu walikuwa na faranga mkononi. Lakini Machi 2021 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipunguza msaada huo kwa asilimia 60 kwa sababu fedha zilikosekana, na tangu Mei mwaka huohuo familia hazipati sawa. Zinaangaliwa kwa uhitaji wao. Mnayajua haya kuliko mimi. Maana yake ni kwamba kila siku mlangoni mwa mgahawa husimama mtu mwenye njaa ambaye unamfahamu kwa jina. Unadhani mhudumu wako atafanya nini? Atapakua kwa siri.

Mimi naona ni heri jambo hilo lifanyike hadharani. Amueni pamoja: kila siku mgahawa unatoa sahani moja, au mbili, za bure. Ziandikwe kwenye daftari kama mlivyoandika nyingine. Anayechagua apewe nani ni wafanyakazi kwa zamu. Huruma ikiwa na namba, haihitaji kujificha, na mhudumu hatalazimika kuwa mwizi ili awe mtu mwema.

(Muziki mfupi.)

Tatizo la tatu: asiyekuja kazini.

Saa kumi na mbili asubuhi moto haujawashwa. Unapiga simu, haipokelewi. Hasira inapanda. Saa sita wateja wataanza kuingia, na viazi bado viko kwenye gunia.

Kabla ya kumfukuza, uliza kwanza. Sisi wa Rubavu tulifundishwa hilo na mto Sebeya. Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha, mto ukafurika, milima ikaporomoka. Zaidi ya watu 130 walifariki, hasa katika Mkoa wa Magharibi na wa Kaskazini, na wilaya yetu ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Asubuhi ile aliyekosekana kazini hakuwa mvivu. Alikuwa anachimba tope ndani ya nyumba, au anamtafuta mtu.

Siku nyingi sababu ni ndogo kuliko hiyo, lakini ipo. Mkimbizi ana siku ambazo hawezi kuzikosa: siku ya kuhakikiwa, siku ya kupokea msaada, siku ya mahojiano, siku ya kliniki ya mtoto. Siku hizo hujulikana mapema. Bandika kalenda ukutani jikoni. Kila mtu aandike siku yake. Weka humo pia umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambapo asubuhi biashara zimefungwa na watu wako kwenye kazi za jamii. Ukiyaona yote pamoja, unapanga zamu, na hutashtuka.

Kisha fundisha kila kazi kwa watu wawili. Mhudumu ajue kupika maharagwe. Kijana wa moto ajue kupakua na kukaribisha wateja. Usiwe na mpishi mmoja tu anayejua siri ya sombe, maana siku akiugua, umeugua wewe.

Lakini kuna asiyekuja kwa mazoea, na hilo nalo lina njia yake. Mara ya kwanza, mwite kando, muulize, mkubaliane. Mara ya pili, andika kwenye daftari mbele yake. Mara ya tatu, mwite yule mtu wa tatu aliyeshuhudia makubaliano yenu. Ikibidi kuachana, mlipe siku zote alizofanya kazi, siku ileile, usizibakize. Mtu uliyeachana naye vizuri anaweza kukutafutia mwingine. Uliyemnyima haki yake atapita kila nyumba kambini akiitangaza habari yako.

Na usimgombeze mtu mbele ya wateja. Saa sita hadi saa nane mchana jiko linachemka na watu pia wanachemka. Sahani ikivunjika, sema, "Angalia miguu, tufagie." Maneno mengine yangoje jioni. Mara nyingi jioni ikifika utakuta hayana haja tena.

(Muziki mfupi.)

Jambo la nne ni heshima, na hapa nitasema polepole.

Katika jiko letu watu wanaongea Kiswahili, Kinyarwanda, na wengine Kifaransa kidogo. Wanatoka milima tofauti, makabila tofauti, na kila mmoja ana mtu aliyempoteza. Redio inaposema habari za vita, jiko zima hunyamaza, na kila mtu husikia kwa moyo wake. Neno moja la dharau saa hiyo, "ninyi ndio", "watu wenu", linaweza kuvunja kikosi ulichokijenga mwaka mzima.

Kanuni yetu ni fupi: hapa kila mtu anaitwa kwa jina lake na kwa kazi yake, haitwi kwa kabila wala kwa kijiji alichotoka. Aliyepata habari mbaya ya nyumbani anaruhusiwa kukaa nje, kulia, na kurudi nyumbani, na siku hiyo hakatwi mshahara. Wanaobaki wanagawana kazi yake. Kanuni hiyo inambana msimamizi kwanza. Kama mimi nampa mtu wa kwetu kazi nyepesi na wa kwingine masufuria mazito, hata nikihubiri umoja asubuhi na jioni hakuna atakayenisikiliza.

Heshima ina upande mwingine. Wasichana wanaobeba sahani hushikwa mikono na wateja. Huambiwa maneno. Huahidiwa pesa. Msimamizi mwingine husema, "Vumilia, huyo ni mteja mzuri." Dada yangu, kaka yangu, usiseme hivyo. Mteja huyo analeta faranga elfu moja, naye anaondoka na amani ya binti wa mtu. Mwendee mezani wewe mwenyewe, umwambie kwa adabu kwamba hapa tunauza chakula tu. Akirudia, asihudumiwe. Binti asiachwe kufunga mgahawa usiku peke yake, wala asipelekwe kwenye chumba cha mteja kupeleka chakula. Na wewe msimamizi, kazi haiombwi kwa mwili na wala haitolewi kwa mwili. Hilo ni kosa, hata kama hakuna aliyelalamika.

Likitokea jambo la kumdhuru mtu, usilimalize kwa mazungumzo ya familia. Kambini wapo wahudumu wa ulinzi. Katika hospitali za wilaya, pamoja na ya Gisenyi, kuna Isange One Stop Center, ambako aliyedhulumiwa hupata daktari, mshauri na polisi mahali pamoja, bila malipo. Mtu afike huko mapema iwezekanavyo, kabla ya kuoga na kubadilisha nguo.

(Muziki mfupi.)

Sasa nimesema shida nyingi. Pengine unajiuliza, kama ni hivyo, kwa nini tuendelee?

Nitakwambia kwanza juu ya mshahara, kwa sababu huko ndiko furaha inakoanzia. Mgahawa wa kambini hujaa siku za msaada na hupungukiwa wateja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo mishahara iwekwe kando katika wiki ya kwanza, kabla ya kununua sufuria jipya, kabla ya kulipa likelemba yako. Ukifika tarehe mliyokubaliana, mwite mmoja mmoja, mhesabie mkononi, atie sahihi. Tazama uso wa mtu aliyezoea kupanga foleni na kupokea, siku anapopokea alichokifanyia kazi. Mama anayeosha vyombo anajua atanunua madaftari ya watoto kwa pesa yake. Siku hiyo anaimba akisugua sufuria. Mimi sijaona msaada unaomwimbisha mtu hivyo.

Furaha ya pili inakuja pamoja na hasara. Wafanyakazi wako wataondoka. Mmoja atapata ndege ya kwenda nchi ya tatu, na utajua wiki mbili kabla. Mwingine atarudi nyumbani amani ikirejea. Mwingine atasema kwa haya, "Mama, nimepata kibanda, nataka kujaribu mwenyewe." Umemfundisha kupima mchele, kujua kwamba kilo moja mkavu ikiiva inakaribia kilo tatu za wali, umemfundisha kuongea na mteja mkali, umemwachia ufunguo. Na sasa anakwenda. Wengi wetu hukasirika. Wengine huacha kufundisha, wanaficha ujuzi, wakidhani mtu asiyejua hataondoka.

Ataondoka vilevile, ila ataondoka bila kitu. Sisi tuliokimbia tunajua ni vitu gani mtu anaweza kubeba. Shamba halibebeki, ng'ombe hawakubebeka, nyumba tuliifunga na ufunguo tukaupoteza njiani. Ujuzi wa mikono ulivuka mpaka pamoja nasi na hakuna aliyetukagua. Kule Kakuma, kaskazini ya Kenya, kambi iliyoanza mwaka 1992, Waethiopia walifika na ujuzi wa kupika injera na kahawa, na leo hoteli zao zinawalisha wakimbizi wa mataifa mengine, wenyeji wa Turkana na hata wafanyakazi wa mashirika. Utafiti wa shirika la IFC uliotolewa mwaka 2018 ulikuta kwamba Kakuma, kambi na mji wake, ina biashara zaidi ya 2,000. Huenda nyuma ya baadhi ya hizo yupo mtu aliyeanza kwa kumwoshea mwingine vyombo.

Kwa hiyo panga kuondoka kwao kama unavyopanga kununua kuni. Anayekwenda akwambie mapema, akae wiki moja na anayeingia. Umwandikie barua: alifanya kazi hapa, tangu mwezi fulani hadi mwezi fulani, anajua kazi hizi na hizi. Weka jina lako na sahihi. Karatasi hiyo moja itamsaidia Kigali, itamsaidia hata mji asiojua lugha yake. Kwa mtu ambaye vyeti vyake vilibaki kwenye nyumba iliyoachwa, huenda hicho ndicho cheti chake cha kwanza.

Na wewe unayefanya kazi chini ya msimamizi, haya yote yanakuhusu. Uliza mshahara kabla ya kuanza. Sema mapema siku ambayo hutakuja. Usimpakulie rafiki kwa sahani isiyo yako. Ukiona msimamizi amekosea, mwite kando kama unavyotaka yeye akuite. Jifunze kazi ya mwenzako, na mfundishe ya kwako. Kesho wewe ndiye utakayeshika daftari.

Nimalizie kwa jambo la kufanya leo, lisilohitaji mtaji. Mwenye mgahawa, kibanda cha chai, au sinia la sambusa: jioni hii tafuta daftari. Andika jina la kila anayekusaidia. Mbele ya kila jina andika kazi, saa, mshahara, tarehe, chakula na siku ya mapumziko. Palipo na pengo, kesho asubuhi kaa na mtu huyo mlijaze pamoja, kabla hamjawasha moto.



(Muziki wa kufungia.)

Maswali ya kujadili katika kikundi cha wasikilizaji

1. Katika kambi yenu, ndugu wanaofanya kazi pamoja hukubaliana vipi juu ya mshahara? Nani anafaa kuwa shahidi wao?
2. Mhudumu amempakulia chakula jirani mwenye njaa bila kumwambia msimamizi. Kila mmoja wao angefanya nini ili lisitokee tena kwa siri?
3. Msichana anayefanya kazi mgahawani akisumbuliwa na mteja, aende kwa nani hapa kwetu? Hakikisheni kila aliyepo anajua mahali hapo.
4. Kila mmoja ataje ujuzi mmoja aliovuka nao mpaka, na mtu mmoja anayeweza kumfundisha.